Halo Alipokwenda Chuo

Hospitali nzima ilimjua mke wangu kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Alikuwa opereta wa simu, anakaa kwenye chumba kidogo nyuma ya mapokezi, vipokea sauti masikioni, na mbele yake ubao wa swichi wenye waya zilizosokotana kama nywele za mtoto aliyemkimbia msusi. Kila aliyepiga simu alimsikia yeye kwanza: "Halo, hospitali, nikusaidie nini?" Basi jina alilopewa na wazazi wake likapotea, akabaki Halo. Hata mama mkwe wangu mwishowe alichoka kubishana, naye akamwita hivyo hivyo. Mimi ni fundi wa kutengeneza vyerehani, na Halo hajawahi kuniita kitu kingine zaidi ya Fundi. Watu walitutania kwamba majina yetu yalifaa kubandikwa mlangoni kama tangazo la biashara.

Ikafika siku hospitali ikaleta mtambo mpya, simu zikawa zinajiunganisha zenyewe, na chumba chake kikageuzwa stoo ya mafagio. Yeye akahamishiwa dawati la mbele la ofisi ya ustawi wa jamii. Ni ofisi ambayo wengi pale hawakujua hata inafanya nini. Huko walipelekwa wagonjwa wasio na ndugu, akina mama walioruhusiwa kurudi nyumbani lakini hawana nyumba ya kurudi, watoto waliookotwa na polisi. Kazi ya Halo ilikuwa kuwaandika majina na kuwaonyesha benchi. Aliyezungumza nao alikuwa ofisa wa ustawi, mzee mmoja mpole mwenye koti la kahawia ambalo halikumtoka mwilini hata jua liwake vipi.

"Wanaotoka kwa yule mzee," aliniambia jioni moja akimenya viazi, "wanatembea tofauti na walivyoingia. Nataka kujua anawafanya nini."

"Si umuulize?"

"Nimemuuliza. Kaniambia nikasome."

Nikacheka. Yeye hakucheka, akaendelea kumenya, na maganda yakawa yanatoka membamba kuliko kawaida. Nikajua mambo yameshaiva kichwani mwake.

Wakati huo kijana wetu alikuwa ameshaanza kazi mbali, nyumba imebaki ya watu wawili, na Halo alikuwa na umri ambao shoga zake walikuwa wakingojea wajukuu. Cheti chake cha sekondari kilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda, kimepata rangi ya chai. Chuo kikuu kikamweleza kwamba watu wa umri wake wana mtihani wao wa kujiunga. Akiupita ataitwa kwenye usaili, na akipita usaili ataanza shahada ya ustawi wa jamii kama mwanafunzi mwingine yeyote.

Mtihani aliupita. Akaanguka kwenye usaili. Nilimsindikiza siku hiyo, nikabaki kwenye korido inayonuka rangi mbichi, mkoba wake nimeupakata mapajani kama mtoto wa watu. Alipotoka, uso ulikuwa umemshuka.

"Wameniuliza kwa nini nataka kusoma haya. Nikasema nawaonea watu huruma."

"Jibu zuri hilo."

"Mama mmoja wa miwani akaniuliza, 'Na yule asiyeitaka huruma yako?' Fundi, nilikaa pale kama simu iliyokatika."

"Ungesema unamwunganisha na ofisi nyingine."

Akaninyang'anya mkoba wake, akatangulia mbele.

Jibu la kukataliwa lilipokuja, alilia jikoni, akanawa uso, akasema, "Mwakani." Kesho yake akamwomba yule mzee wa koti la kahawia amruhusu kuketi ndani anapozungumza na watu wake, wenyewe wakiridhia. Mwaka mzima Halo alikaa kwenye kona ya ofisi ile, mikono mapajani, mdomo ameufunga. Kwa mtu aliyeishi kwa kuongea, sijui alijikazaje.

Usaili wa pili ulimkuta mama wa miwani yuko pale pale, na swali lake ni lile lile.

"Nimemwambia sijui," Halo alinieleza tukitoka getini. "Nimemwambia nimewaona watu wakikataa msaada, na nimemwona mzee wetu akikaa nao tu, hasemi kitu, na sijui alijuaje kwamba hapo ni pa kukaa. Nikasema hicho ndicho nilichokuja kukitafuta."

Wakampokea.

Miaka ile, jamani! Ningepewa nafasi ya kurudia kipande kimoja cha maisha yangu, ningekichukua kile na kelele zake zote. Nilileta nyumbani meza yangu kubwa ya karakana, tukaiweka sebuleni, ikawa ndiyo chuo. Upande mmoja vitabu vya saikolojia, upande mwingine sheria za watoto, katikati cherehani cha mteja nilichokuwa nimekifungua tumbo. Siku ya kwanza Halo alipoingia darasani, wanafunzi wote walisimama wakidhani ni mhadhiri. "Kaeni, kaeni," akawaambia, "mimi mwenzenu." Muda si mrefu wakawa wanakuja kwetu kila Jumamosi mchana kujisomea. Alikuwepo kijana mmoja mrefu mwembamba tuliyembatiza Mlingoti. Alikuwepo msichana wa kicheko kinachosikika mpaka barabarani, huyo tukamwita Kengele. Na alikuwepo dada mkimya aliyekuja na mwanawe mchanga mgongoni, akamlaza juu ya rundo la vitambaa vyangu vya kujaribia vyerehani, na mtoto akalala hivyo hivyo kwenye makelele.

Sukari haikukaa ndani ya nyumba ile. Mkate nao ukiingia mezani ulikuwa unaaga.

Somo lililomtoa Halo jasho lilikuwa takwimu. Alikuwa akizitazama zile alama kama mtu aliyeletewa barua ya lugha ya kigeni. Kengele ndiye aliyemtoa shimoni. Alichukua kopo langu la vifungo, akavimwaga mezani, vyekundu huku, vyeupe huku, akamwambia, "Mama, hawa ni wagonjwa, na hawa ndio waliopona. Chota bila kuangalia, uniambie umeshika nini." Walichota mpaka jua likazama. Mpaka leo nikishona kifungo chekundu nasikia sauti ya yule binti akishangilia, "Mama kapata! Mama kapata!"

Kisha yalikuja mazoezi ya kuhoji. Kila mwanafunzi alitakiwa ajifunze kuongea na mtu mwenye shida, na mwenye shida hakuwepo, basi nikateuliwa mimi. Niliigiza mlevi aliyefukuzwa na mwenye nyumba, nikaigiza baba aliyetelekeza watoto, na Jumamosi moja nikaigiza bibi kizee kiziwi, watu wakavunjika mbavu. "Mzee," Mlingoti aliniambia, "wewe vyerehani vilikupotezea muda tu."

Jumamosi moja ya mwaka wa pili, mvua inanyesha, ikafika zamu ya huyo Mlingoti kuhoji. Akasafisha koo, akaweka shingo sawa.

"Leo, Mzee, wewe ni baba aliyefiwa na mtoto hospitalini. Mimi ni ofisa wa ustawi. Uko tayari?"

Hakujua. Hakuna aliyejua kati yao. Sisi tulikuwa na binti, mdogo wake kijana wetu. Homa ya uti wa mgongo ilimchukua kabla hajaanza shule. Mimi nilikuwa mji mwingine, nimeitwa kutengeneza vyerehani vya kiwanda cha sare, na niliporudi niliukuta ua umejaa watu. Tangu tulipomzika, mimi na Halo hatukumtaja tena. Hatukugombana. Kila mmoja alidhani anamwonea mwenzake huruma kwa kunyamaza, na kunyamaza kukawa mazoea, kama mlango ambao watu wameacha kuutumia mpaka bawaba zimeshika kutu.

Halo alikuwa anatoka jikoni na sinia. Akasimama. "Mlingoti, badilisha. Mpe nyingine."

"Acha," nikasema. Sijui ni nini kilinishika. "Mwache aulize."

Kijana wa watu akauliza kama alivyosoma. "Pole sana, Mzee. Unajisikiaje?"

Nikaokota skrubu mezani, nikawa naizungusha vidoleni. Kengele akaacha kutabasamu. Halo akaweka sinia chini, akamgusa Mlingoti begani, kijana akampisha kiti. Akakaa mbele yangu. Mke wangu, ambaye tangu ujana wetu alinimalizia sentensi kabla sijazifikisha katikati, alikaa pale akaningoja. Hakunikazia macho, wala hakuyakwepesha. Mvua ikawa inapiga bati, na mimi natafuta pa kuanzia.

"Sikuwepo," nikasema mwishowe. "Sijui hata ilikuwaje siku ile. Sikuwahi kukuuliza. Niliogopa utadhani nakulaumu."

Akasogeza kiti chake karibu na meza. Kisha akasema, "Na mimi sikuwahi kusema."

Akanieleza, polepole, mbele ya vijana wale.

"Asubuhi aliamka pale wodini ana nafuu. Akanywa maziwa, akaniambia niende kazini, yeye anataka kulala. Mama, aliyekesha naye, alikuwa amekwenda nyumbani kuoga. Nikashuka chini kwenye swichi, nikajisemea nitapanda tena saa ya chakula. Mara taa ya wodi ya watoto ikawaka. Nikaitikia, halo. Alikuwa muuguzi mgeni, haijui sauti yangu. Akasema, 'Opereta, nitafutie mzazi wa mtoto wa kitanda cha dirishani. Mtoto amefariki.'"

"Ukasemaje?"

"Nikasema, 'Subiri kwenye laini.' Ndivyo tulivyofundishwa. Nikavua vile vya masikioni, nikaviweka vizuri, nikapanda ngazi. Fundi, nilimkuta yule muuguzi ameushika mkono wa simu, bado anasubiri."

Mlingoti alikuwa analia waziwazi, machozi yanamfika kidevuni wala hayafuti. Dada mkimya alikuwa amemwinua mwanawe kutoka kwenye vitambaa na kumkumbatia, ingawa mtoto hakuwa ameamka. Nilinyoosha mkono juu ya meza, juu ya vitabu na skrubu, nikaushika mkono wa mke wangu. Mbele za watu sikuwahi kufanya hivyo hata siku ya harusi.

Baadaye vijana wakaanza kukusanya mabegi yao kwa adabu. Halo akawakatalia. "Hakuna anayeondoka na njaa hapa." Wakala viazi vilivyopoa. Katikati ya kula, Mlingoti akauliza, pua imeziba, "Mama, hili la leo tunaliandika kwenye ripoti ya kikundi?"

"Thubutu!" akasema Halo, na ndipo Kengele alipopasuka kucheka, tukacheka wote, kicheko kile cha watu waliochoka kulia.

Mwaka wa mwisho wanafunzi hupelekwa makazini kujifunza kwa vitendo. Halo akaomba wodi ya watoto ya hospitali ile ile. Mama wa miwani, ambaye sasa ndiye aliyekuwa msimamizi wake, alimwita ofisini akamuuliza kama ana hakika. Akajibu kwamba hana. Wakakubaliana waonane kila wiki, na kwamba mzigo ukimzidi atasema.

Kuna siku ulimzidi. Alirudi nyumbani akakaa kwenye ukingo wa kitanda na viatu vyake miguuni mpaka nikamvua mimi. Baba mmoja alikuwa amemfokea mbele ya wodi nzima, amwondokee, hataki kuona mtu. Halo akatoka, akakaa kwenye kiti nje ya mlango. Aliporudi kesho yake, yule baba alimpita bila salamu. Hakuwahi kuongea naye hata neno. "Na imeisha hivyo," aliniambia. "Sitajua kama nilimsaidia au nilimkera." Nikampa chai. Sikuwa na la kumwambia, na kwa mara ya kwanza hilo halikunitia wasiwasi.

Lakini jambo moja alilivalia njuga. Alitaka mzazi asipewe habari ya msiba kwa simu kama yumo humo hospitalini. Aambiwe uso kwa uso, akiwa ameketi, na mtu abaki naye. Muuguzi mkuu akamjibu kwamba hakuna nafasi wala mtu. Akarudi tena na tena, na hoja zake amezipanga, hata takwimu alibeba. Mwishowe akapewa kijichumba kando ya wodi, viti viwili na dirisha lisilo na pazia. Pazia nililishona mimi. Lilikwenda upande, maana kutengeneza cherehani na kushona ni mambo mawili, na muuguzi mkuu alilicheka mpaka akalizoea.

Siku ya mahafali niliupunguza upindo wa joho lake asubuhi ile ile, kwa mkono, maana lilikuwa linaburuta. Alipopanda jukwaani, Mlingoti na Kengele walipiga vigelegele kiasi kwamba jina lake lililosomwa hakuna aliyelisikia. Mzee wa koti la kahawia alikuwa amekaa karibu yangu. Muda mfupi baadaye alistaafu, na Halo akaajiriwa mahali pake. Alifanya kazi ile mpaka naye akastaafu.

Siku hizi nyumba imetulia. Meza nimeirudisha karakana, na sebule inaonekana kubwa kupita kiasi. Mchana Halo hulala kidogo, nami husikiliza mvua nikimkumbuka mtoto yule mchanga juu ya vitambaa, na harufu ya viazi, na vijana wakibishana kuhusu vitu ambavyo sikuvielewa hata nusu. Akiamka tunakunywa chai kibarazani. Binti yetu tunamtaja tunapotaka, bila kushusha sauti. Jana tulikuwa tunabishana angekuwa mrefu au mfupi. Halo anasema angefanana na mimi, angekuwa mfupi na mbishi. Mimi nasema angekuwa mrefu kama shangazi zake. Tulibishana mpaka chai ikapoa, akaenda kuipasha moto, na kutoka jikoni bado nikamsikia anabisha.