Majina Niliyoyakata

Mwanangu, nakumbuka Jumamosi moja ambayo hata leo bado inaniuma. Nataka nikusimulie kabla hujaanza kuuza kazi za watu kwenye simu yako.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, fundi wa fremu hapa mtaani Umoja. Kibanda changu kilikuwa kidogo lakini kazi yangu ilisifiwa, na sifa zilikuwa zimenipanda kichwani. Ndipo mzee mmoja akaniletea picha kumi na mbili. Aliitwa Mzee Kiplangat, Mogiek, mtu wa jamii ya warina asali, aliyezaliwa msituni Mau, akafungwa kwa kuingia kurina asali katika msitu huohuo wa babu zake, ambao serikali ilikuwa imewakataza kuuingia. Alipotoka alikuja kukaa na binti yake mtaani Dandora.

Huko gerezani alikuwa amewachora wenzake kwa makaa, kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Wengi walikuwa Waogiek kama yeye. Nyuso zile zilikuwa hai, mwanangu. Ungedhani zinataka kukuuliza habari za nyumbani. Chini ya kila uso aliandika jina la mtu, na neno "gerezani".

Kanisa lilikuwa limetupatia sisi mafundi wa mtaa ukumbi Jumamosi hiyo tuonyeshe na kuuza kazi zetu, na picha za Mzee nazo zilikuwa zitundikwe humo. Nikajiambia, nani atamtundika mfungwa sebuleni kwake? Nikachukua kisu, nikakata ukingo wa chini wa kila karatasi, maandishi yote, kisha nikatia fremu. Sikumwuliza mwenyewe. Wageni walipotaka kujua mchoraji ni nani, nikawajibu ni mwalimu mstaafu.

Kumbe Mzee alikuwa nyuma yangu, amevaa koti lake la Jumapili. Hakupaza sauti. Alipita picha moja moja akigusa pale palipokuwa na maandishi, halafu akaniuliza vile vipande viko wapi. Nikamwambia nilivitupa, na lori la taka lilikuwa limepita asubuhi.

"Binti," akaniambia, "waliponifunga walinivua jina wakanipa nambari. Hawa nilikuwa nimewarudishia majina yao."

Nilimwomba msamaha. Akaketi, akaomba kalamu na vipande vya karatasi. Nikawageukia wageni, nikawaeleza ukweli. Wawili watatu waliondoka. Waliobaki walisogea karibu, na mama mmoja ambaye kijana wake alikuwa kifungoni akamwuliza Mzee kama kule watu hupata blanketi. Alimjibu kwa upole, huku akiandika jina baada ya jina, nami nikiyabandika chini ya picha.

Kwenye picha ya mwisho kalamu ikasimama. Ilikuwa ya kijana mwembamba, aliyefia gerezani kwa kikohozi. Mzee alijaribu jina moja, akatikisa kichwa, akajaribu jingine.

"Wewe ndiye uliyeliona jina lake mara ya mwisho," akaniambia. "Aliitwa nani?"

Nami sikuwa nimelisoma.

Mwanangu, kazi ya mtu ikifika mikononi mwako, usiionee haya kwa niaba ya mwenyewe. Mwulize kabla hujagusa kitu. Andika jina lake kamili, na akitaka watu wajue alifungwa, waambie. Na kila alichoandika, hata kama ni neno moja pembeni, kisome.

Mungu aibariki mikono yako. Na kila atakayekukabidhi uso wa mtu wake, aondoke kwako akiwa na amani.