Nyimbo Saba Kabla ya Jumanne

Mama wa kwaya alinipa karatasi yenye nyimbo saba. Nilizihesabu, nikazihesabu tena, zikabaki saba. Nikamwomba apunguze ziwe tano. Alinitazama kama wauza mitumba wa kwetu Nairobi wanavyomtazama mteja anayetaka koti kwa bei ya soksi.

"Saba, kaka yangu. Jumanne wanampasua mzee mkono. Jumapili ijayo tutapigiwa gitaa na nani, na wewe?"

Mzee ni mumewe, Mrundi, mpiga gitaa pekee wa kwaya yao. Miaka ya kufunga maboksi ghalani ilikuwa imembana mshipa kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, na vidole vilianza kufa ganzi. Daktari alisema mkono utapona. Kuhusu gitaa alisema tungoje tuone, na nimekaa Texas vya kutosha kujua kwamba hiyo si ndiyo. Nyimbo hizo mzee alizitunga mwenyewe kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania na hazikuandikwa popote. Zilikuwa vidoleni mwake tu. Wanakwaya wawili walikuwa tayari kuzijifunza mtandaoni, kwa video za mzee akifundisha, kwa kuwa kazi zao za zamu haziwapi saa moja ya kukutana naye. Mimi niliitwa kwa sababu nina maiki mbili na mdomo.

Kwangu Euless, jirani na uwanja wa ndege, hakukufaa. Siku niliyojaribu kurekodi, ndege kumi na moja zilipita juu ya paa kabla chai haijapoa. Basi Jumamosi mchana nikabeba vyombo vya kurekodia hadi kwao Vickery Meadow, mtaa wa Dallas, ghorofa ya pili. Tulizima kiyoyozi, tukachomoa friji, tukatundika blanketi ukutani. Jirani wa chini alikuwa anatazama mpira kwa sauti ya uwanja mzima. Nilimwomba saa moja ya kimya, akanipa dakika ishirini. Tulikubaliana arobaini, pamoja na sahani ya sambusa za mama wa kwaya, ambaye sikuwa nimemuuliza.

Maiki ya kwanza niliiweka mbele ya tundu la gitaa. Likavuma kama mtu anayepuliza ndani ya pipa, maneno ya mzee yakazama humo humo. Nikasema sawa, apige kwanza, kisha tuongeze maneno juu yake. Haikusaidia. Somo lake lote lilikuwa kwenye vile vineno vidogo, "shuka", "ngoja", "sasa", vinavyotoka pale pale kidole kinapohama. Alipovisema baadaye vilifika vimechelewa, na "sasa" ikaja wakati mkono umeshaondoka.

Mwishowe nikapata dawa. Maiki zangu hazisikii vizuri kwa mgongo. Moja niliinyanyua karibu na kidevu chake, nikaligeuzia gitaa mgongo wake. Ya pili niliiweka chini, ikitazama pale shingo ya gitaa inapokutana na tumbo, mdomo wa mzee ukiwa nyuma yake. Nilipima kwa shibiri, nikapima tena. Sauti zikaachana, kila moja safi, na bado ni za wakati mmoja. Nilijipongeza mapema mno.

Kila alipotaka kusema, mzee alilaza kiganja kwenye nyuzi, gitaa likanyamaza, ndipo akaongea, tena kwa sauti ya mtu aliye kwenye kitubio.

"Mzee, ongea huku unapiga."

Kiganja. Kimya. "Ndiyo, mwanangu."

"Na uongeze sauti kidogo!"

Akaipunguza.

"Mukenya," akaniambia polepole, "mbona unanigombeza ndani ya nyumba yangu?"

Mkewe, aliyekuwa ameshika simu ya kupigia video, alinivuta jikoni. "Kwetu mtu mzima hapayuki. Na mtu akiongea, wengine wananyamaza."

"Hata gitaa?"

"Gitaa ni nani lisinyamaze?"

Zilibaki dakika kumi na mbili za jirani. Chumba kilikuwa oveni, na mzee alikuwa anaukung'uta mkono kama mtu aliyeguswa na siafu. Sikuweza kukaa. Nilizunguka meza, nikazunguka tena, kisha nikachukua gitaa la pili la kwaya, nikakaa mbele yake, nikaanza wimbo wa kwanza kama nilivyousikia. Sikuwa na mpango wowote. Miguu ilikuwa imechoka kuzunguka.

Ninapiga kidogo, na vibaya. Mzee alivumilia mistari miwili.

"Hapana ile kidole."

Alisema huku anapiga! Alikuwa ananionyesha, na mkono haukuwa na nafasi ya kwenda kufunika nyuzi. "Ile ingine. Shuka. Unakimbilia wapi? Ngoja... sasa!" Mama wa kwaya alinipungia mkono nisithubutu kuacha. Nilichomeka kitambaa cha vyombo chini ya nyuzi zangu ili zisiingie kwenye maiki, nikaendelea kukosea. Wala sikuhitaji kuigiza.

Hivyo ndivyo, jirani akiongezewa sahani ya pili ya sambusa, tulivyopata nyimbo tatu Jumamosi, na tatu Jumapili baada ya misa. Kwenye wa saba kidole cha pete kiliteleza. Akaanza upya, kikateleza. Mara ya tatu akaliweka gitaa kitandani.

"Hakinisikii."

Nilimwomba nusu wimbo. Nikamwomba ubeti mmoja. Nikamwomba mwanzo tu, tuone.

"Nusu wataimba na nani?" akaniuliza. Nikaanza kukunja nyaya za maiki.

Baada ya upasuaji binti yake alimchukua hadi Houston akamuuguze. Wiki tatu nilikuwa na nyimbo sita tayari kwenye kompyuta, nikawa nazihesabu kila nikitoka kazini, labda moja ilijificha. Wiki ya nne niliendesha gari kwa saa nne hadi kwa binti. Mkono ulikuwa kwenye bendeji hadi karibu na kiwiko.

Nilimwekea mzee maiki moja. Ya pili niliielekeza kwenye gitaa, na safari hii lilikuwa mapajani mwangu, bila kitambaa. Aliimba sauti ya wimbo mara mbili nikaishika, kisha binti akashika simu ya video, tukaanza.

"Si hapo. Shuka. Si hapo, mwanangu, unanichoma moyo. Ngoja. Sasa."

Nilikosea mahali kumi. Mara ya kumi na moja nilifika mwisho na hakuwa amesema neno. Nikangoja anigombeze.

"Wapelekee," akasema. "Yote, tangu tulipoanza."

"Na makosa?"

"Na makosa. Nao watakosea hapo hapo."

Nilimweleza kwamba video itatazamwa na watu, na watu hao wananijua. Nikamwomba nikate yote kumi. Akatikisa kichwa. Nikashuka hadi saba, nikashuka hadi matano. Chai ililetwa, ikanywewa, tukarudi mezani.

Alinipa mawili.