Betri za Mama Miwani

Mama Miwani hakuwa mtu wa kuamini maelezo ya kwenye boksi. Boksi husema alichotaka mwenye kiwanda. Yeye aliamini sikio lake la kushoto. La kulia lilikuwa limekwisha kwa miaka ishirini na mitatu ya kuinamia jiwe la kusagia lenzi.

Gari lake lilikuwa basi dogo la zamani lililong'olewa viti. Upande mmoja palikuwa na kitanda, jiko la gesi, na rafu ya vikombe vilivyofungwa kwa mpira visigombane njiani. Upande wa pili ilikuwa meza ya kazi: jiwe, mota yake ndogo, na droo sabini na mbili za lenzi. Humo aliishi na humo alifanya kazi, mji hadi mji, akipima macho ya walimu, mafundi cherehani, na watu waliosoma simu zao kwa mkono ulionyooshwa. Taa, feni, friji na jiwe, vyote vilikula kwenye betri mbili zilizokaa chini ya kitanda. Injini ilikuwa na betri yake mbele, na haikuingilia mambo ya nyumba.

Hizo mbili za nyumba ndizo zilizokufa. Mwaka uliopita mkwewe, dereva wa lori, alimfungia betri za lori, kwa mapenzi tu. Zilidumu miezi minne. Betri ya lori imeumbwa kwa kishindo kimoja cha kuwasha injini, kisha ipumzike. Ukiidai nguvu kidogo kidogo kutwa nzima, inachakaa kimyakimya. Jiwe lilipoteza kasi katikati ya lenzi ya mwalimu mmoja, likaacha mkwaruzo ambao hakuna kitambaa kingeufuta.

Bintiye alipopata habari alipiga simu.

"Mama, chumba cha uani hapa kwangu nimeshakipaka rangi. Mapazia yamening'inia. Unangoja nini?"

"Nangoja betri."

"Basi mpaka Jumamosi. Nikija nikute jiwe linazunguka kutwa nzima. Lisipozunguka, nakuja kukufungia vyombo."

"Sawa."

Alisema sawa, na yeye neno lake hakuwahi kulivunja. Alikipenda kile chumba kama mtu anavyoipenda picha ya ukutani. Kukiishi lilikuwa jambo jingine.

Jumatano asubuhi aliegesha mbele ya duka la betri. Muuzaji, mtu wa makamo mwenye kalamu sikioni, alimwonyesha betri nene ya maji ya asidi.

"Hii hapa, mama. Imetengenezwa kwa matumizi ya nyumba, si ya kuwashia gari. Mpya kabisa. Haijawahi hata kuonja mzigo."

"Basi ionje leo."

"Uionjeshe vipi?"

"Nivutie nyaya mpaka kwenye mota yangu. Mimi nasaga, wewe unauza. Ikifika jioni, tutajuana."

Muuzaji alicheka. "Mama, watu huja hapa wanauliza dhamana. Wewe unakuja na kiwanda."

Lakini alivuta nyaya. Jiwe likaanza kuimba, na Mama Miwani akainama. Kwa mteja wa macho humwekea lenzi hii, kisha ile, akimuuliza ipi ni bora, mpaka jicho lenyewe liseme. Betri nazo, aliona, zilistahili heshima hiyo hiyo.

Kabla ya saa sita mlio ukashuka. Mpita njia asingesikia kitu. Yeye aliinua mguu kutoka kwenye kanyagio la mota.

"Imechoka hii."

"Haiwezekani. Nimekuambia ni mpya."

"Ilitengenezwa lini?"

Muuzaji alipangusa vumbi kwenye kibandiko, akarudisha kichwa nyuma mpaka shingo ikaishia, akakunja macho. "Mwaka huu," alisema, kwa sauti ya mtu anayekisia.

"Panda garini, baba. Kaa hapo."

"Mimi macho yangu mazima."

"Na betri yako nayo nzima. Kaa."

Alimvisha fremu ya kupimia, akambadilishia lenzi. Hii au ile. Ile. Sasa hii au ile. Kwenye jozi ya nne muuzaji aliinuka. Alishuka na fremu yake usoni kama mtu aliyevaa kinyago, akapiga magoti mbele ya ile betri, akasoma. Kisha akaenda rafuni akasoma nyingine, na nyingine.

"Miaka mitatu," alisema aliporudi. "Imekaa rafuni miaka mitatu bila chaji. Mama, nimewauzia watu hizi."

"Utawabadilishia. Leo tuendelee na kazi."

Alhamisi walifunga betri ya lithiamu, nyepesi kiasi cha kumfanya aitilie shaka. Muuzaji, sasa akiwa na miwani yake mwenyewe iliyosagwa kwa umeme wa dukani kwake, alimsomea tarehe tarakimu kwa tarakimu: ilikuwa na umri wa miezi miwili. Jiwe liliimba kuanzia asubuhi mpaka mafundi wa mtaa walipoanza kufunga milango, na mlio haukushuka hata kidogo. Aliagiza mbili za tarehe moja, ili isiwepo ya kumvuta mwenziwe chini, pamoja na chaja yake, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa ya betri za asidi. Ijumaa zikalala chini ya kitanda, zimefungwa mkanda.

Jumamosi bintiye alikuja na maboksi matupu. Mama hakusimama kumlaki; alikuwa na lenzi mkononi. Binti alikaa kwenye ngazi ya gari, akangoja jiwe lichoke. Akanywa chai. Akasoma ujumbe wote kwenye simu yake. Jua lilihama kutoka magotini mwake mpaka kwenye gurudumu la nyuma, na jiwe bado lilikuwa na sauti ya asubuhi.

"Halinyamazi hili?" aliuliza.

"Ukitaka linyamaze, nitainua mguu."

Binti aliyatazama maboksi yake. "Na mapazia je? Nimeyashona kwa mkono."

"Niletee. Dirisha la kitandani halina pazia."

"Ni marefu mno kwa dirisha hilo."

"Mkasi uko droo ya juu," alisema mama, akairudisha lenzi kwenye jiwe.