Maswali Yasiyoandikwa Daftarini

Karatu siku hizi hatuna mjinga hata mmoja. Wajinga tumekwisha. Mwenye bando la saa moja ni daktari kwa saa moja. Mwenye bando la wiki ni daktari, mwanasheria na mtabiri wa mvua, na likimwishia anarudi kuwa jirani yako wa kawaida, anakuomba umwashie data kidogo tu.

Mimi sikuwahi kuwa mtu wa maktaba. Nauza viatu vya mitumba, na maktaba ya mji nilianza kuiendea kwa ajili ya soketi. Kibanda changu sokoni hakina umeme, na kutoka pale hadi mlango wa maktaba ni hatua mia mbili na kumi. Nimezihesabu kwenda na kurudi. Unaingia, unachukua gazeti la juzi ili ufanane na msomaji, unachomeka simu, unatulia. Hiyo ya kuhesabu mara mbili ni ugonjwa wa kazi. Belo likifunguliwa nahesabu viatu vya kushoto, halafu nahesabu vya kulia, na hesabu zikipishana najua nimeuziwa mguu wa mtu ambaye hayupo.

Soketi yenyewe ilikuwa karibu na meza ya maulizo, na kwenye meza alikaa mkutubi, mama mtu mzima aliyezaliwa Endamarariek, sweta lake la kijivu mwilini mwaka mzima. Kazi yake ilikuwa kuulizwa. Mbele yake alikuwa na daftari kubwa alilolipigia mistari mwenyewe kwa rula: tarehe, swali, kitabu kilichotumika, namba ya rafu. Alipoanza kazi alifundishwa kwamba swali lisilojibiwa kwa kitabu haliandikwi, na yeye si mtu wa kufundishwa jambo mara mbili. Kabatini yalikuwepo madaftari ya zamani, yamejaa hadi pembeni. Watu wa Mbulu na Rhotia walikuja kuuliza sheria ya mipaka ya mashamba, wanafunzi walikuja na kazi walizopewa na walimu ambao nao hawakujua majibu, na kila mmoja aliandikwa.

Nilijaribu kumpunguzia kazi, kwa roho nzuri tu.

"Dada, nipe jibu fupi, nimeacha mteja kibandani."

"Fupi unalo kwenye simu, kaka. Hapa kaa usubiri."

Sikuwahi kumpunguza hata kidogo, na mimi nimewapunguza bei hata Wachaga.

Basi siku moja akaja afisa kutoka makao makuu, kijana nadhifu, viatu vipya kabisa vya dukani, jambo ambalo kwangu si sifa. Alikuwa na kishikwambi mkononi. Akalifungua daftari, akateremka na kidole ukurasa wa mwezi ule.

"Manne," akasema. "Mama, mwezi mzima maswali manne."

Nilinyanyua shingo kutoka kwenye gazeti la juzi nikahesabu mistari. Manne. Nikarudia. Manne.

"Watu wana simu sasa," kijana akaeleza kwa upole, kama anayempa mtu pole ya msiba. "Hapa tutaweka kompyuta mbili, kona ya kidijitali. Wewe tutakutafutia kituo mkoa mwingine, kwenye stoo ya vitabu. Narudi baada ya wiki mbili kuchukua maelezo yako."

Mkutubi alisema, "Sawa, mwanangu," akafunga daftari. Kila Jumamosi hupanda bodaboda kwenda Endamarariek kumwogesha mama yake, ambaye haoni tena. Jambo hilo halikuwa na safu yake kwenye kishikwambi.

Afisa alipotoka nikamwambia, "Dada, lakini mbona wanakuja wengi? Mimi nakaa hapa. Naona."

"Wengi wapi? Wale wananionyesha simu tu."

"Na wewe unawajibu."

"Nawaambia kama ni kweli au si kweli. Hilo si swali la maktaba, kaka. Ni maongezi. Hakuna kitabu nilichotoa."

Nikamwangalia. Mtu anakaribia kuhamishwa kwa sababu hana maswali, na maswali yanaingia mlangoni yamebeba simu, anayajibu, kisha anayaacha yaende bila kuyaandika. Angekuwa muuza viatu angeshakufa njaa. Nikachukua mfuniko wa boksi la viatu na kalamu, nikahamia kwenye benchi la wanaosubiri. Mtu akiuliza napiga mstari kushoto, akijibiwa napiga mstari kulia. Kama ninavyohesabu vitu vyangu vyote.

Wa kwanza alikuwa mwongoza watalii, kavaa kofia pana na amenuna. Juzi yake, kule mbugani, chini kreta, alikuwa amewaambia wageni kwamba pembe ya kifaru si mfupa, ni kitu kimoja na kucha. Mgeni mmoja akatoa simu akamwonyesha kwamba ni mfupa, akamtumia na picha ya skrini.

"Gari zima wakaniangalia mimi," akasema. "Hata kifaru nilihisi ananiangalia."

Mkutubi alimwomba ile picha ya skrini. Akaisoma hadi mwisho, akamwonyesha kwamba maelezo yale yalikuwa ya pembe za ng'ombe, ambazo ndani zina mfupa kweli. Kisha akamfungulia kitabu cha wanyama, akamwachia apige picha ya ukurasa. Jamaa akatoka ameinua kifua.

"Hilo lina kitabu," nikamwambia. "Liandike."

"Alishalijua jibu. Nimemthibitishia tu."

Kushoto, kulia.

Wa pili ni mama mmoja wa Rhotia, amefunga shuka mabegani. Alitumiwa ujumbe kwamba mahindi hayaliwi na wadudu ukichanganya majivu na unga wa betri kuukuu za redio. Ujumbe ulikuwa na alama ya msalaba na maneno "watumie na wengine".

"Nimeshakusanya betri sita," akasema. "Majivu ninayo."

Mkutubi alisimama. Kwa kawaida hasimami. "Mama, umeshachanganya?"

"Bado. Nimesema nikuonyeshe kwanza, wewe si umesoma."

"Majivu sawa. Betri ni sumu, hata wajukuu wasizichezee." Hakuishia hapo. Alimpigia bwana shamba kwa vocha yake mwenyewe, akamkabidhi yule mama simu waongee Kiiraqw mpaka wakaelewana. Safu ya vocha nayo haipo kwenye daftari. Nikapiga mistari yangu, na nakiri mkono ulikuwa mzito kidogo, kwa sababu mahindi ya Rhotia huwa nanunua na mimi.

Lakini kipenzi changu ni mwenye duka mmoja anayefanya biashara nje ya mji, ambako adhana haifiki. Mwezi mzima wa Ramadhani alikuwa akifuturu kwa simu, na simu aliinunua ikiwa imepangwa saa za swala za Dar es Salaam. Mwanawe ndiye aliyeligundua hilo, mfungo umeshakwisha.

"Jua si ulikuwa unaliona?" nikamuuliza. Sikuweza kujizuia.

"Nililiona," akajibu kwa heshima zote. "Lakini simu ilisema limezama."

Mkutubi alifungua atlasi, akamwonyesha Dar ilipo na sisi tulipo, akamweleza kwamba jua la kule hututangulia kuzama kwa kama robo saa. Mwenye duka akahesabu kwa vidole, polepole.

"Sasa siku zangu zile, dada?"

"Hapo mwisho wangu. Mimi nina ramani. Hilo ni la shekhe, na wala usilipeleke kwenye simu."

Afisa aliporudi nilikuwa nimeshavaa shati safi. Mkutubi alikuwa ameandika maelezo yake nusu ukurasa, kwa mwandiko mzuri, akikubali kila kitu. Nikaweka mfuniko wangu wa boksi juu ya karatasi yake.

"Huyu ni nani?" afisa akauliza.

"Msomaji," nikasema. "Hayo ni maswali ya wiki mbili ambayo daftari halikuyaona. Sitini na mawili."

Akautazama mfuniko, akatazama picha ya raba ubavuni. "Hii si nyaraka ya ofisi."

"Na manne si idadi ya watu. Tukutane katikati, kiongozi."

"Sitini na mawili?" Alikuwa anaanza kulainika. Nimeshika wateja miaka mingi, najua sura ya mtu anayekaribia kusema "haya, nifungie". Ndipo mkutubi akavaa miwani, akauvuta mfuniko kwake, akaanza kupitisha kidole mstari kwa mstari. Kukagua alichoonyeshwa mtu ndiyo kazi yake, na sijui kwa nini nilidhani nitasamehewa.

"Kaka, kushoto ni nini?"

"Maswali."

"Na kulia?"

"Majibu."

"Kwa hiyo ni thelathini na moja."

"Ni bei ya kuanzia, dada."

"Ni thelathini na moja," akamwambia afisa. "Na humu saba ni ya huyu, nilimsikia. Aliniuliza mara mbili kama umeme utakatika. Yatoe. Ishirini na nne."

Nilitamani kumkanyaga mguu. Mtu unampigania asihamishwe, yeye anakushusha mbele ya mnunuzi. Afisa akachukua mfuniko, akauliza kila mstari ulikuwa wa nani. Mkutubi akamsimulia yote ishirini na nne bila kutazama mahali, pembe, betri, jua la Dar. Kwenye betri kijana akatoa simu yake, akateremka na kidole kwenye ujumbe wake, akakomea mmoja.

"Mama yangu alinitumia hii Jumapili," akasema. Akatoka nje kupiga simu. Tulimwona dirishani akiongea huku anatikisa mkono.

Aliporudi aliichana ile nusu ukurasa. Akasema meza ibaki miezi sita kwanza, kompyuta zije pia, na daftari lipigwe safu mpya ya kilichokaguliwa. Mkutubi alitafuta rula palepale.

Kompyuta zimekuja, moja inawaka. Watu wanakaa, wanasoma kwenye skrini, halafu wanageuza kiti kumwuliza kama ni kweli. Anawaandika. Miezi sita haijaisha, na jana nilihesabu ukurasa wa mwezi huu: thelathini na nane. Nikarudia, thelathini na nane. Langu hakuna hata moja. Nilipomuuliza kwa nini, alisema mimi siulizi, nabishana, na soketi ile sasa ni ya kompyuta.