Ndindi na Gesi ya Mirihi

Jirani yangu Ndindi anaijua hewa ya Mirihi kuliko ya chumba chake, na chumba chenyewe ni kimoja tu hapa mtaani Pipeline.

Alikuwa mchonga vinyago, kisha akanunua mtambo mkuukuu wa leza wa kuchora majina kwenye mbao. Ndani yake mna bomba la kioo lenye mchanganyiko wa gesi, mojawapo kaboni dioksaidi, ile iliyojaa kwenye sayari ya Mirihi. Umeme ukipita, gesi inang'aa zambarau, na sehemu yake huvunjika ikawa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu. Aliyemuuzia alimweleza hivyo, basi ikawa mahubiri. Ukija kuchorewa kibao cha mlango, sharti kwanza uambiwe kwamba hata kule Mirihi jua huivunja hewa vivyo hivyo.

"Haina harufu, Mama Nangila," huniambia kwa sauti ya umbea. "Bomba likipasuka, tumekwisha."

Haya yote huyasema akikoroga sufuria juu ya jiko la makaa! Ndindi hali muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa yaliyochemshwa na maharagwe, ukipikwa kwa jiko la gesi. Anadai mahindi yanakosa ladha. Mwenye nyumba amepiga makaa marufuku, kwa hiyo jiko hufichwa ndani, mlango ukafungwa, na dirisha likazibwa kwa magunia kuzunguka paipu ya feni ya kutoa moshi wa leza. Mkewe, Kamene, amelalamika mpaka amechoka.

Jumamosi moja ya Julai, Kamene akiwa sokoni, Ndindi alianza kuumwa kichwa. Wazo la kwanza: bomba limevuja. Akauzima mtambo wote, na feni yake, ambayo ndiyo peke yake iliyokuwa ikimvutia hewa. Mlango hakuthubutu kuufungua, maana Patrobas, keateka wetu anayemwangalizia mwenye nyumba jengo, alikuwa kwenye korido akinusanusa harufu ya makaa. Basi akavuta kigoda, akaenda kukaa mbali kabisa na mtambo. Pembeni mwa jiko.

Mimi nilikuwa nafua. Nilisikia feni imenyamaza, kisha kishindo cha mtu kuanguka. Nikagonga, kimya.

"Patrobas! Vunja!"

"Nikivunja, nani atalipa mlango?"

"Vunja, wewe!"

Akavunja. Tulimburuta Ndindi hadi kwenye ngazi, midomo imemlegea, hajitambui. Niliomba kwa sauti, nikamzaba makofi katikati ya sala. Hatimaye akatapika, akafumbua jicho moja.

"Zimeni mashine," akasema.

Hospitalini, akiwa na barakoa ya oksijeni, alianza kumfundisha daktari. Akamaliza bomba, akafika Mirihi. Daktari alimsikiliza kwa upole mpaka mwisho.

"Ni kweli kaboni monoksaidi ndiyo iliyokulaza, lakini ya bomba lako ni kidogo mno," akasema. "Nyumbani mnapikia nini?"

Ndindi akatazama dari. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Makaa," Kamene akajibu. Alikuwa amekuja mbio, kitambaa cha kichwa mkononi. Akaketi kitandani, akamshika mumewe mkono, na machozi yakamtoka bila aibu. "Baba Mutie, ungeniacha na watoto kwa sababu ya muthokoi? Kuanzia leo ni wa gesi. Umenisikia?"

Nilingoja aanze kubisha.

"Sawa," akasema Ndindi.

Hapo ndipo nilipojua kwamba kweli mtu huyu alikuwa amekiona kifo.