Jina la Sita

Fomu ya bima ya afya ya Juvenali Leonidasi ilikuwa na majina sita. La kwanza lake, la pili la mkewe Christina, kisha watoto watatu, na chini kabisa, kwa mwandiko ule ule uliolalia kulia, Dafroza. Penye nafasi ya uhusiano alikuwa ameandika "Mama". Aliandika mara moja, bila kuinua kalamu, mwaka ule kiwanda kilipoanza kuwakatia wafanyakazi wake bima, na hakuwahi kurudi kulitazama neno hilo tena.

Alikuwa karani wa utumishi katika kiwanda cha kukoboa kahawa nje kidogo ya mji wa Ngara. Wafanyakazi wa kudumu walikuwa sitini na watatu, na maisha yao yote, likizo zao, ndoa zao, misiba yao, yalikaa katika kabati moja la chuma nyuma ya kiti chake. Walimwita Bwana Faili. Waliokusudia kumdhihaki hawakufanikiwa, maana yeye alilipokea jina hilo kama cheo.

Alizaliwa Mabawe, kwenye mteremko unaotazama Burundi. Alikuwa na miaka mitatu mama yake, Adventina, alipofariki akijifungua, na kile kichanga nacho kikamfuata kabla ya juma kwisha. Dafroza, dada mkubwa wa marehemu, alikuwa amerudi nyumbani kutoka kwenye ndoa isiyo na mtoto. Jioni ya maziko alichukua kitenge, akamfunga Juvenali mgongoni, mtoto ambaye miguu yake tayari ilimning'inia hadi mapajani, na ni kama hakumshusha tena. Alilima mashamba ya watu. Alikamua ndizi akapika pombe ya rubisi, akajitwisha kibuyu hadi mnadani. Kwa mikono hiyo Juvenali alifika kidato cha nne, kisha chuo cha utunzaji kumbukumbu. Hakumwita mama mkubwa hata siku moja, na pale kijijini hakuna aliyemfundisha kumwita hivyo. Kumwambia mtoto kwamba huyu siye aliyekuzaa ni kumfukua marehemu.

Barua ya bima ilikuja mwezi wa Machi. Matibabu ya mwaka uliopita yalikuwa yamezidi michango, kwa hiyo michango ingepanda kwa theluthi nzima kuanzia Julai. Mwenye kiwanda, aliyekaa mbali na kuongea kwa simu, alituma neno fupi: gharama ishuke, la sivyo bima ikome.

Meneja, Bulugu, Msukuma aliyezaliwa Biharamulo baada ya baba yake kuhama na ng'ombe kutoka Shinyanga, aliisoma barua hiyo mara mbili.

"Karani, tufanyeje? Nikiwakata mishahara wachangie zaidi, wataniimbia. Nikiiacha bima ife, mke wangu mwenyewe ataninyima ugali."

Juvenali alikuwa na jibu tayari. "Tatizo ni majina, bosi. Watu wamejaza fomu kama wanaandika wageni wa harusi. Tudai vyeti. Mtoto aje na cheti cha kuzaliwa chenye jina la mfanyakazi. Mzazi naye, jina lake lionekane kwenye cheti cha mfanyakazi. Lisiloonekana litoke. Orodha ikipungua, bili inapungua, na hakuna anayekatwa shilingi."

Bulugu aliikunja ile barua. "Kwetu ukimhesabu ng'ombe wa ndugu yako kama wa mgeni, wazee wanakuuliza unaumwa wapi." Akajikuna shingo. "Lakini sawa. Iandike, nitasaini."

Juvenali aliandika tangazo, akalibandika karibu na mizani. Aliwaza mlinzi mmoja aliyemwandika mke wa jirani, na dereva aliyekuwa na watoto wawili waliozaliwa mwezi mmoja. Hakumwaza Dafroza. Hili ndilo ambalo baadaye hakuna aliyemwamini, hata Christina. Hakuwa anaficha kitu. Alipotafuta moyoni mwake watu waliochomekwa kwenye fomu za wengine, ule uso haukuwa miongoni mwao. Ulikuwa umekaa mahali pa mama, na mama hatafutiwi cheti.

Majina thelathini na moja yakatoka. Aliyekuja kulalamika mwisho alikuwa Evaristi, fundi wa mashine, mwenzake wa tangu utotoni. Mashamba yao huko Mabawe yalitenganishwa na ua wa minyaa tu. Aliingia akiwa na grisi hadi viwikoni, asikae.

"Bwana Faili, umenipunguzia watoto wawili."

"Si mimi, Eva. Vyeti vyao vinasema baba ni Irambona."

"Ndiyo. Na Irambona kaka yangu amekufa. Siku ya kuondoa matanga nilikalishwa kwenye kiti mbele ya ukoo, wale watoto wakapakatishwa kwangu, mmoja huku, mmoja huku. Ulikuwepo. Ulikula maharage sahani mbili."

"Nakumbuka."

"Yule mdogo ana pumu. Hilo nalo unalikumbuka?"

"Bima haijui kiti, Eva. Inajua karatasi."

Evaristi alicheka kidogo, kicheko kisicho na ubaya, na hicho ndicho kilichomchoma Juvenali kuliko tusi. "Haya. Na yule bibi wa nyumba ya jirani yetu, aliyekubeba mgongoni mpaka tukakuita kobe, yeye ameleta karatasi gani?"

Akatoka. Juvenali alisubiri mashine zizimwe kwa chakula cha mchana. Kisha akafungua kabati na kulitoa faili lake mwenyewe. Cheti chake cha kuzaliwa alikipata ukubwani, kwa kadi ya ubatizo kutoka parokiani. Jina la mama: Adventina. Pale chini, kwenye fomu: Dafroza. Alizitazama karatasi hizo mbili kama mtu aliyekutana na nyoka kwenye njia aliyoifagia mwenyewe.

Alimpelekea Bulugu faili. Meneja alilisoma, akalifunga, akalisukuma lirudi upande wa pili wa meza.

"Liache. Tunaojua ni wewe na mimi."

"Na Evaristi."

"Evaristi hatasema."

"Hatasema," Juvenali alikubali. "Nitakuwa namsalimia kila asubuhi, naye hatasema."

Alirudi mezani kwake, akachukua rula, akalikata jina la sita kwa mstari mmoja ulionyooka.

Jumapili akaenda Mabawe. Dafroza alikuwa akichambua maharage uani, miguu ameinyoosha kwenye mkeka. Tangu presha na kisukari vimkamate, kila mwezi alikwenda kliniki ya hospitali ya misheni, na siku hiyo ya kliniki ilikuwa kwake kama sikukuu: kitenge kipya, kadi ya bima ndani ya leso, salamu njia nzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda, au ni hilo shati?"

Alimweleza. Alizunguka sana, akaongea habari za michango na theluthi, mpaka Dafroza akaacha kuchambua.

"Kwa hiyo wamegundua sikukuzaa," alisema. "Wamechelewa."

"Si hivyo, mama."

"Ni hivyo, na si kosa. Wala usininunie." Akaifungua leso, akamkabidhi kadi. Ilikuwa imekunjika kona kwa kushikwa sana.

"Kliniki utakwenda vile vile. Nitalipa mwenyewe. Kila mwezi nitatuma."

"Kadi ilikuwa ya kiwanda," Dafroza alisema, akiyarudia maharage. "Hela ni ya watoto wako." Alisema akitabasamu, na Juvenali alilichukua kama utani wa wazee. Akanywa maji, akaaga.

Alituma, hakuruka mwezi. Na kila mwezi alipiga simu. "Nimekwenda," Dafroza alimwambia. "Wanasema naendelea vizuri." Sauti yake ilikuwa nzito kidogo mwezi wa Septemba, akasema ni mafua. Oktoba alisema ni vumbi. Juvenali, aliyezoea kumdai kila mtu stakabadhi, kwake hakudai.

Novemba mvua zilikuwa zimekolea. Asubuhi moja ya Jumamosi alipiga simu Verediana, jirani yao, mama wa jumuiya ndogo ndogo pale kanisani. "Juvenali, njoo. Mama ameanguka jikoni. Upande mmoja haushiki."

Njia ya kutoka nyumbani kwa Dafroza hadi barabara kuu haipitiki kwa pikipiki mvua zikinyesha. Kwa hiyo pale Mabawe kuna chama cha machela. Kila kaya hutoa mwanamume wa kubeba, na mgonjwa haulizwi ni wa nani wala ana nini. Wakiitwa, wanaacha jembe. Juvenali aliandikwa kwenye chama hicho tangu ujana, lakini toka apate ofisi alikuwa akilipa faini badala ya kwenda. Alishaona kwamba yeye na watu wake wana kadi.

Aliwakuta njiani wakiteremka, wanaume wanne wenye matope hadi magotini, na mti wa mbele kushoto uko begani kwa Evaristi. Dafroza alikuwa amefunikwa blanketi na karatasi ya nailoni. Jicho lake moja lilimwona Juvenali. Mdomo ulijaribu.

Evaristi hakusimama. "Shika hapa kwangu," alisema akiendelea kutembea. "Taratibu, usimtingishe. Tukifika darajani tunabadilisha bega."

Akashika. Mti ulikuwa mwembamba kuliko alivyodhani, na Dafroza mwepesi kuliko alivyodhani. Hilo la pili ndilo lililomtisha.

Hospitalini, dirishani, binti mmoja aliuliza bila kuinua macho, "Ana bima?"

"Alikuwa nayo," Juvenali alisema.

Dafroza aliishi siku mbili, na alfajiri ya siku ya tatu akafariki. Nesi alipoomba daftari la kliniki ili ajaze, Verediana alilitoa kwenye kikapu. Muhuri wa mwisho ulikuwa wa Juni. Ndani ya daftari mlikuwa na pakiti ya karatasi ya gazeti. Juvenali aliifungua. Vidonge vya Juni, vilivyokatwa kwa kisu nusu, na vile vya chini vimekatwa robo, vidogo kama punje za mtama, vya kumfikisha Krismasi.

"Na hela?" alimuuliza Verediana. "Nilikuwa natuma."

Verediana alitazama sakafu. "Ziko kwetu, kwenye kikundi cha akina mama. Ameziandika kwa jina la binti yako. Alisema anaingia kidato cha kwanza." Akakifunga kikapu. "Nilimsema, Juvenali. Akaniambia, nilimlea ili apumzike, si ili nimeze hela za watoto wake."

Walimzika Mabawe, pembeni ya Adventina.

Juvenali alirudi kazini baada ya juma moja. Mezani alikuta karatasi ya mchango wa msiba, ile ambayo huzungushwa kiwandani kila mfanyakazi anapofiwa, na ambayo hatimaye huishia kwake. Juu, kwa herufi kubwa zenye alama ya kidole cha grisi, Evaristi alikuwa ameandika: MSIBA WA MAMA MZAZI WA JUVENALI. Chini yake yalifuata majina sitini na mawili. Mlinzi alikuwepo. Dereva alikuwepo. Wote aliowatolea ndugu zao kwenye orodha walikuwepo, na hakuna aliyeomba kuona cheti.

Alifungua kabati. Karatasi lazima iwekwe mahali. Akaitia ndani ya faili lake, juu ya ile fomu yenye mstari wa rula, akasimama pale mkono ukiwa bado kwenye droo.

Mlango uligongwa. Evaristi aliingiza kichwa.

"Pole tena, Juve. Naomba ruhusa ya nusu siku. Yule mdogo kifua kimembana tangu jana."

"Una nauli?"

"Nimeazima."

Orodha ya bima ilikuwa imefungwa hadi Julai, na yeye ndiye aliyeifunga. Juvenali aliketi, akavuta fomu ya ruhusa, akaandika jina, tarehe, saa. Kwenye nafasi ya sababu kalamu ilisita. Kisha akaandika: Kumpeleka mtoto wake hospitali. Akasaini, akagonga muhuri.

Evaristi aliisoma akiwa amesimama. Akaikunja, akaitia mfuko wa shati, akatoka mbio kidogo kuwahi gari.