Majani Aliyompelekea Elisifa

Salvina ana ugonjwa mmoja usiopona: kuuliza. Huu ni mwaka wake wa sita akifyeka kandokando ya barabara inayopanda mlimani kutoka Bomang'ombe, na hajawahi kukata mmea asioujua kabla ya kuunusa na kuupekenyua majani. Wenzake wa kikundi humcheka. "Salvina, fyeka twende! Hilo jani halina kitambulisho."

Basi kiangazi kilichopita ukazuka mtaroni mmea mgeni. Majani kama ya karoti, vimaua vyeupe vidogo kama punje za mchele, na ukijani wake, jamani, wakati nyasi zote zimegeuka rangi ya vumbi! Ulianzia pale malori ya kokoto yanapopumzika, na mwezi haujaisha ukawa umepanda nusu ya kilima. Salvina akaung'ata. Mchungu. Lakini hata mchunga ni mchungu, na sungura wanaula. Umetoka wapi huu? Wenzake wakaendelea kufyeka.

Sasa, huku mlimani ng'ombe haendi malishoni. Anakaa bandani katikati ya migomba, na majani humfuata yeye, kichwani kwa mwanamke. Jirani yake Salvina, mjane aitwaye Elisifa, anaumwa nyonga, hawezi tena kushuka tambarare kutafuta majani. Ana ng'ombe mmoja, na maziwa anayopeleka kila asubuhi kwenye kituo cha maziwa cha akina mama ndiyo chumvi yake, ndiyo sabuni yake. Salvina akamwonea huruma. Kila jioni alimshushia mlangoni mzigo wa majani aliyofyeka barabarani, na ule mgeni ukiwa humo humo. Elisifa alimbariki mpaka mwenyewe akaona haya.

Wiki ya tatu Hellen, katibu wa kituo, alionja maziwa ya Elisifa akatema. Machungu! Kesho yake vilevile. Na Hellen, ambaye mdomo wake hauna breki, akatangaza mbele ya foleni nzima kwamba mama huyu haoshi ndoo, au anatia dawa maziwa yasiharibike. Maziwa yakamwagwa. Jumamosi kingekaa kikao jina lake lifutwe. Mwanamke anayesugua ndoo kwa majivu na maji ya moto tangu ujana wake! Elisifa alirudi nyumbani akajifungia.

Salvina akashikwa na hasira, na udadisi juu yake. Akainusa ndoo: safi. Akakikagua kiwele cha ng'ombe: kizima, hakina uvimbe. Maji ni ya mfereji uleule tunaoutumia sote. Kilichobaki ni majani.

"Na majani ni yangu," alijisemea, na moyo ukampasuka.

Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini mtu wa maswali hawezi kuliacha swali likiwa nusu. Akalichambua lile jani geni peke yake, akalikatakata pamoja na shina la mgomba, akamlisha ng'ombe wake mwenyewe siku mbili. Siku ya tatu akakamua, akaonja. Mae! Akatema mpaka machozi yakamtoka.

Alipompelekea bwana mifugo ule mmea, yule bwana alirudi nyuma hatua mbili. "Hilo ni gugu karoti! Unalishika kwa mikono mitupu?" Salvina akaitazama mikono yake, ile mikwaruzo na vipele ambavyo siku zote alivisingizia upupu. Akaambiwa ling'olewe na mizizi yake kabla halijatoa maua, kwa mikono iliyofunikwa, kisha lichomwe. Ukilifyeka limekomaa na kulibeba, unazipandisha mbegu mlimani wewe mwenyewe. Aliporudi alipita kwa Elisifa kuhakikisha. Kweli, vichipukizi vilikwishajipanga mlangoni.

Kwetu Uchaggani, ukimkosea mtu unachuma isale, mmea uleule tunaopanda mipakani, unampelekea kumwomba msamaha. Kulikataa isale ni jambo zito. Ijumaa Salvina akachuma lake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Salvina. Mbona na isale?"

Alieleza yote, hakuficha hata chembe. Elisifa alisikiliza, mikono yake mapajani.

"Moyo wangu hauna neno na wewe," alisema mwishowe. "Lakini hilo silipokei hapa. Mimi sikuaibishwa hapa nyumbani."

Jumamosi Salvina akasimama mbele ya akina mama wote, isale mkono mmoja, gugu karoti kwenye mfuko wa nailoni mkono wa pili. Alijua kwamba tangu siku hiyo kila mzigo wake ungechunguzwa, na wengine wasingekubali majani yake kamwe. Akasema hivyohivyo. "Si ndoo, si dawa. Ni mimi niliyemlisha ng'ombe wake kitu nisichokijua."

Elisifa akaja polepole na mkongojo wake, akalipokea isale. "Yameisha, mwanangu." Salvina akalia palepale, hakujali nani anamwona.

Hellen akakohoa, akafungua daftari. "Haya basi. Jina linabaki. Tuendelee na kikao."

"Bado," Elisifa alisema, akamkazia macho. "Kwenu, Hellen, masale yamekauka?"

Hakuna aliyecheka. Hellen akafunga daftari, akajifunga kanga vizuri, akashika njia ya kwao. Kikao kizima kikakaa kumngoja.